Mtoto Hachagui Saa ya Kuzaliwa

Ukitoka mjini Kakamega kwa barabara iendayo Webuye, hukawii kufika Lubao. Soko lake limepata sifa kwa kuwa hapo huuzwa hata mbwa. Nilipopita siku ya soko, kilichonivuta macho hakikuwa bidhaa, bali karatasi iliyobandikwa kwenye mlingoti wa stima. Mtaalamu asiyetaja jina lake alitangaza kwamba huondoa mikosi, hurudisha mapenzi na kusafisha nyota. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliisoma, kisha akaniuliza: “Baba, kusafisha nyota huwa ni pesa ngapi?” Mtoto wake, alisema, hulia usiku kucha, na mama mkwe amekwisha kata shauri kwamba alizaliwa saa mbaya.

Nilimshauri ampeleke kwanza kituo cha afya. Hata hivyo, swali lake si la Lubao peke yake. Karibu kila taifa limewahi kumshtaki mtoto kwa jinsi au wakati aliozaliwa. Waswahili wa Pwani walikuwa na neno kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Alihesabiwa kuwa mleta maafa nyumbani, na zamani wako waliopoteza maisha kwa sababu ya meno tu. Walikuwa pia na neno timvi, mtoto aliyedhaniwa kuja na nuksi.

Waluhya nao walikuwa na yao. Mapacha walipozaliwa, jambo hilo lilikuwa zito, lenye mila na ngoma zake. Majina yakabaki hadi leo: Mukhwana na Mulongo ni mapacha, na Khisa ndiye anayewafuata. Mtoto akilia bila kikomo, wazee walisema kuna marehemu anayetaka jina lake lirithiwe. Basi yalitajwa majina ya ukoo moja baada ya jingine, na lile lililomnyamazisha ndilo alilopewa. Dawa hiyo ilimwingiza mtoto katika ukoo wala haikumtenga.

Miongoni mwa walioifanya kazi hii kuwa elimu ya mahesabu ni wanajimu wa Kihindu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Wahindi walisambaa magharibi ya Kenya wakafungua maduka, na wale wa dini ya Kihindu walikuja na desturi ya kundali. Hii ni ramani ya nyota inayochorwa kwa kufuata saa na mahali mtu alipozaliwa. Ina vyumba 12, na ndani yake hupangwa graha 9: Jua, Mwezi, sayari 5, pamoja na Rahu na Ketu, ambazo si sayari bali ni sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua.

Mpango unaoogopwa sana wakati wa posa ni mangali dosha, yaani dosari ya Mirihi. Mirihi ikiwa katika chumba cha 1, 4, 7, 8 au 12, husemwa kwamba ndoa itajaa ugomvi, na hata mwenzi huweza kufa. Mzigo wa tuhuma hii humwelemea msichana zaidi. Posa huvunjika kabla hajaulizwa yeye ni mtu wa namna gani.

Dawa zake ni nyingi. Mwenye dosari akioana na mwenye dosari, mambo husawazika. Wengine hufunga siku ya Jumanne, ambayo ni siku ya Mirihi, humwomba Hanuman, au huvaa pete ya marijani nyekundu. Iliyo ya ajabu zaidi ni kumwoza msichana kwanza kwa chungu cha udongo au mgomba, ili balaa limwangukie “mume” huyo wa kwanza. Chungu huvunjwa, kisha ndoa ya kweli hufuata.

Na tupige hesabu kidogo, msomaji. Dunia ikijizungusha kwa saa 24, Mirihi hupita vyumba vyote 12, wastani wa saa mbili kila kimoja. Hapa Lubao, karibu na ikweta, mgawo huo unakaribia usawa. Vyumba vitano ni kama saa 10 za kila siku. Kwa hiyo, katika watoto 100 waliozaliwa saa mbalimbali, kama 42 wangekuwa na dosari hiyo. Kama hukumu ingekuwa ya kweli, karibu nusu ya vijiji vyetu vingekuwa na kisirani tangu uchangani! Hata wanajimu wenyewe wameweka misamaha mingi katika kanuni hiyo, maana bila misamaha wengi wangekosa wa kuwaoa.

India yenyewe ilirusha chombo chake cha kwanza kuelekea Mirihi tarehe 5 Novemba 2013, nayo ilikuwa Jumanne. Chombo kilifika salama tarehe 24 Septemba 2014 na kuanza kuizunguka sayari hiyo.

Sisemi mila zote zitupwe. Sala, jina la babu na ngoma ya kumpokea mtoto huweza kumtuliza mzazi aliyejawa na hofu. Kipimo changu ni kimoja: je, dawa hiyo humrudisha mtoto kwa watu wake, au humfanya mshtakiwa na kumwachia mama deni? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, humpa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya mila zenye madhara. Haikumtoa aliyezaliwa saa mbaya.

Wahenga hawakusema mtoto hukua kwa saa aliyozaliwa. Walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.