Ukienda kuzamia Bonaire, anza kupanga na siku ya kuondoka

Watu wakisikia unaenda kuzamia visiwa vya Karibi, swali la kwanza huwa ni papa. Lakini ukiwa Bonaire, kitu cha kukukosesha usingizi ni gesi unayoivuta sasa hivi ukiwa unasoma: nitrojeni, asilimia 78 ya hewa yote.

Bonaire ni kisiwa kidogo cha Uholanzi, kaskazini mwa pwani ya Venezuela. Wazamiaji wanakipendea jambo moja: matumbawe yanaanzia hatua chache tu kutoka ufukweni. Unakodi pikapu, unapakia mitungi ya hewa, unaendesha kandokando ya bahari hadi uone jiwe la njano lililoandikwa jina la sehemu ya kuzamia, unavaa vifaa, unaingia majini kwa miguu. Hakuna nahodha wa kukwambia "kwa leo inatosha". Raha sana, ila hesabu ya usalama inabaki mikononi mwako wewe na mwenzako, na ni rahisi kujikuta umezamia mara nne kwa siku, wiki nzima.

Hesabu yenyewe ni hii. Juu ya maji unabeba presha ya angahewa moja (vitabu vya shule vinaiita kanieneo). Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza angahewa nyingine, kwa hiyo kwenye mita 30 zimefika nne. Kifaa cha kupumulia hukupa hewa yenye presha sawa na maji yanayokuzunguka, la sivyo kifua kisingeweza kutanuka. Chukua Hilma Hooker, meli iliyozama hapo mwaka 1984 na sasa imelala mchangani kwenye kina cha mita 30 hivi. Ukiwa chini yake, kila pumzi inachota mtungini hewa mara nne ya ile ambayo ungeitumia juu. Mtungi unaisha upesi, na mwili unapokea nitrojeni nyingi kupita kawaida.

Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza kwamba kadiri presha ya gesi inavyopanda, ndivyo gesi hiyo inavyoyeyuka zaidi ndani ya kimiminika. Oksijeni mwili unaitumia. Nitrojeni hauna kazi nayo, basi inayeyuka tu kwenye damu, misuli na mafuta, inakaa. Ukipanda polepole, inarudi mapafuni na kutoka kwa pumzi. Ukipanda mbio, ni sawa na kufungua chupa ya soda iliyotikiswa: povu. Tofauti ni kwamba povu hili liko kwenye viungo au kwenye uti wa mgongo wako.

Waliotusaidia kupata ratiba za kwanza za kupanda salama ni mbuzi, kweli kabisa. John Scott Haldane na wenzake waliwaweka mbuzi kwenye chemba ya presha, wakaishusha presha kwa namna tofauti na kuangalia nani anachechemea. Majibu yao, yaliyochapishwa mwaka 1908, ndiyo babu wa hesabu zinazofanywa na kompyuta ya kuzamia utakayovaa mkononi. Kodi au nunua yako mwenyewe. Ya mwenzako inahesabu mwili wa mwenzako. Panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, simama dakika tatu kwenye mita 5, na kamwe usizuie pumzi: hewa iliyo mapafuni kwenye mita 10 inakuwa mara mbili kwa ukubwa ukifika juu, na mapafu si puto.

Sasa ile siku ya kuondoka. Presha ndani ya ndege ya abiria ni kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Nitrojeni iliyokuwa imetulia ufukweni inaweza kuanza kutoa povu ukiwa angani, mbali na hospitali. Ushauri wa kawaida, baada ya kuzamia mara nyingi, ni kusubiri angalau saa 18. Mimi nasema saa 24, maana wiki nzima ya kuzamia inalimbikiza. Ndege ikiondoka Jumapili saa tisa alasiri, uwe umetoka majini Jumamosi kabla ya saa tisa. Hata kile kindege kifupi cha kwenda Curaçao kinahesabika. Siku hiyo ya mwisho nenda hifadhi ya Washington Slagbaai. Kilima cha Brandaris, kirefu kuliko vyote kisiwani, kina mita 241 tu, chini ya mita 300 ambazo wazamiaji huanza kuzihesabu kama mwinuko.

Ukitoka majini halafu viungo vikauma, ngozi ikafa ganzi au ukachoka kupita kiasi, usijidanganye kwamba ni mtungi ulikuwa mzito. Na usirudi majini "kujitibu". Omba oksijeni tupu, uende hospitali. Kralendijk, mji mkuu, kuna chemba ya presha ya matibabu. Bili yake haichekeshi, kwa hiyo kata bima ya kuzamia kabla ya safari.

Mengine kwa haraka. Ukiwa na mafua, kaa nchi kavu, masikio hayatazibuka. Vaa suti hata maji yakiwa nyuzi 28, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi zaidi ya hewa. Kunywa maji mengi, upepo wa kule unakausha. Usiache kitu cha thamani garini. Glavu ziache nyumbani: hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1979, hairuhusu, maana mwenye glavu hushika matumbawe.

Na utamkuta samaki simba, yule mwenye mistari na mapezi kama manyoya. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, ndugu zake wako Mafia na Watamu. Bonaire alifika mwaka 2009, na kwa kuwa kule ni mvamizi anayemaliza samaki wadogo, wazamiaji wenye kibali humwinda. Wewe mwangalie tu. Akikuchoma, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 hivi: sumu yake ni protini, na joto huivunja. Kisha mwone daktari.