Fiziotherapia
Fiziotherapia (pia: tiba ya viungo vya mwili) ni tiba inayotumia mazoezi, ukandaji, joto au baridi ili kupunguza maumivu na kurudisha uwezo wa mwili baada ya jeraha au ugonjwa.

Mguu uliovunjika ukikaa wiki kadhaa ndani ya plasta, misuli husinyaa na goti hukakamaa, hata kama mfupa umeunga vizuri. Hivyo kufunguliwa plasta si mwisho wa matibabu: mgonjwa hukunja na kunyoosha kiungo kidogo kidogo, kisha hukanyaga kwa magongo.

Kwa wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, jijini Mwanza. Safari ni ndefu, na nauli si ndogo. Kwa hiyo mazoezi aliyofundishwa mgonjwa ayafanye nyumbani huwa sehemu kubwa ya tiba yenyewe.