Kwa Nini Mtoto Mdogo Huamini Aambiwalo

Mtoto wa miaka mitatu wa Kapkatet, huko kwenye milima ya chai Kaunti ya Kericho, hajaiona bahari. Mwambie maji yake ni ya chumvi, atakubali. Wa Lamu naye hajaona shamba la chai. Mwambie yale majani ya birikani huchumwa vichakani huko bara kwenye baridi, atakubali vile vile.

Wengi wetu husema ni utoto tu, hajapata akili. Sivyo. Kuamini ndiko kunakomfunza. Jina lake, siku aliyozaliwa, kwamba maji maangavu huweza kuwa na vijidudu: hayo hawezi kuyahakikisha mwenyewe. Mengine akiyajaribu ataumia. Sufuria ya chai ikishuka mekoni, mwenye kungoja ushahidi huungua.

Mwaka 2010 Vikram Jaswal na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili. Walificha stika chini ya kikombe kimoja kati ya viwili, kisha mtu mzima akawaambia watoto wa miaka mitatu kuwa iko kwenye kile kisicho na kitu. Aliwadanganya mara kwa mara, na bado waliendelea kumfuata. Lakini palipotumika mshale bila maneno, watoto waligundua upesi kuwa mshale ule haufai kufuatwa. Maana yake, kauli ya mtu ina uzito wake kwa mtoto.

Hata hivyo imani hiyo haidumu bila masharti. Majaribio mengine yameonyesha kuwa kufikia miaka minne, mtoto humsikiliza zaidi aliyemwona akisema sahihi kuliko aliyemwona akikosea.

Hapo ndipo penye hatari. Tunamtisha mtoto, "Nyamaza, daktari atakudunga!" Au tunamwambia sindano haiumi. Siku ya chanjo, iwe Kapkatet au Makadara, ama ataogopa mtu anayemtibu, ama atagundua kuwa mamake humdanganya. Kesho tukimwonya kuhusu mtu mbaya, atatuamini vipi?

Mtume (S.A.W.) alimsikia mama akimwita mwanawe aje ampe kitu. Akamuuliza anataka kumpa nini. Mama akajibu, tende. Akamwambia kuwa lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo.

Basi tuseme kweli: "Itauma kidogo, kisha itaisha, nami nitakushika." Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.