Ulinzi wa Vyuo Vikuu ni Amana

Wazee wengi wa Ujiji na Kigoma huwasindikiza watoto wao hadi stesheni ya reli, wakawaombea dua, kisha treni ikawachukua kwenda Dar es Salaam kutafuta elimu ya juu. Mzee hurudi nyumbani akidhani kwamba mtoto yumo salama, kwani chuo ni cha Serikali. Lakini yatupasa tujiulize: ni nani amlindaye, naye amlindaje?

Na tuwatazame jirani zetu. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wa kundi la Al-Shabaab wenye bunduki walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, nchini Kenya. Mlangoni walikuwapo walinzi wachache tu, nao wakapigwa risasi. Wavamizi wakaingia mabwenini, wakawatenga Waislamu na Wakristo, wakaua. Watu 148 walikufa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kilitoka Nairobi, kikafika baada ya saa nyingi. Kilipoingia, mapambano yakamalizika upesi. Hapo twajifunza kwamba ulinzi ulioko mbali ni kama maji yaliyoko mbali, nyumba inaungua.

Wauaji wale walijitia katika dini yetu. Surat al-Maida imekwisha kutufundisha uzito wa damu ya mtu mmoja. Mwalimu wa madrasa asiyewafahamisha vijana jambo hilo ameacha mlango wazi bila mlinzi.

Tena, hofu nayo huua. Siku kumi baadaye, umeme ulilipuka karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kikuyu. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakakanyagana na kuruka madirishani; mmoja akafa na zaidi ya mia moja wakaumia. Hapakuwa na adui.

Hata hivyo, askari wengi peke yao si dawa. Mwezi wa Julai 1971, polisi wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakamtoa Symonds Akivaga, kiongozi wa wanafunzi kutoka Kenya, aliyekuwa na mabishano na wakuu wa chuo. Mwanafunzi aliyezoea kumwona askari siku ya mabishano tu, hatamwendea siku amwonapo mgeni wa kutiliwa shaka. Askari asiyepewa habari huwa kipofu, ijapokuwa ana bunduki.

Basi, mzazi, kabla ya kulipa ada, uliza: bweni lina milango mingapi ya kutokea? Taa za usiku zawaka? Kituo cha polisi ki wapi? Wanafunzi wamefundishwa la kufanya siku ya hatari? Na kama mtoto atapanga chumba mtaani, kama wafanyavyo wengi, wajue majirani zake, kwani mlinzi wa chuo hafiki huko.

Nawe kijana, msalimu mlinzi wa mlangoni, ulijue jina lake. Uonalo mwambie, usilolijua usilitangaze. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwa adabu na bila mawe, na wakuu nao wakusikilize kabla ya kuwaita askari.

Mlinzi amepewa amana ya roho za watu, na mwanafunzi amepewa amana ya kumsaidia. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awarudishe ufukoni kwetu wakiwa wazima na wenye elimu. Amin.