NENO "KUTU" NA MAANA ZAKE

Neno "kutu" ni fupi, na hapana mwanaushirika asiyelijua. Hata hivyo lina maana zaidi ya moja, na kila maana ina chanzo chake na dawa yake. Katibu anapoandika katika taarifa yake maneno "kutu imeingia" bila ya kuongeza neno, msomaji hawezi kuamua kama chama kinahitaji rangi ya kupaka bati la ghala, au mrututu wa kunyunyizia mibuni, au mkaguzi wa vipimo aje kutazama mizani. Kwa sababu hiyo yafaa maana hizo zitenganishwe.

Kutu ya chuma

Maana ya kwanza ni ule unga mwekundu wenye rangi ya udongo unaotokea juu ya chuma kilichokaa katika unyevu. Unga huo si uchafu uliotoka nje. Ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni ya hewani, penye maji. Kikikosekana kimoja kati ya viwili hivyo, yaani hewa au maji, kutu haitokei. Na hiyo ndiyo kazi ya mafuta na rangi, kukizuilia chuma visifikie. Chumvi huiharakisha kutu, na ndiyo sababu mabati ya pwani huchakaa upesi kuliko ya bara. Mbolea ya salfeti ya amonia nayo hukila chuma. Kwa hiyo haifai kuwekwa karibu na mashine au mizani katika ghala moja.

Shaba nayo hupata kutu, lakini kutu yake ni ya kijani, tena hushikamana na shaba na kuikinga iliyo chini yake. Kutu ya chuma haikingi kitu. Huvimba, humenyuka kama maganda, na kila ganda linapoanguka, chuma kipya huachwa wazi ili nacho kiliwe. Mabati hupakwa zinki kiwandani kwa ajili hiyo: zinki hutangulia kuliwa badala ya chuma, na ikiisha, chuma hubaki bila mtetezi.

Lugha yenyewe imeyaona mambo haya. Waswahili husema chuma kimeshika kutu, kimeingia kutu, kimeota kutu, au kimeliwa na kutu. Usemi wa "kula" ni wa kale, wala si wa Waswahili peke yao. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, kutu hutajwa pamoja na nondo kuwa waharibifu wa hazina. Na neno la Kiyunani lililotumika mahali hapo ni brosis, ambalo maana yake ya msingi ni kula. Usemi wa "kuota" ni mfano tu, kwa kuwa kutu ya chuma haina uhai. Lakini iko kutu nyingine ambayo huota kwelikweli.

Kutu ya majani

Maana ya pili ni ugonjwa wa mimea. Mkulima akigeuza jani la mbuni na kukuta upande wa chini madoa yenye unga wa rangi ya machungwa, hiyo ni kutu ya majani. Ngano, mahindi na maharage yana kutu zao pia. Hapana chuma katika unga huo, wala oksijeni haihusiki kwa namna ile ya kwanza. Ni ukungu, kiumbe hai, na unga wake ni mbegu zake. Jina limetolewa kwa ajili ya rangi tu.

Mataifa mengine yaliifuata njia hiyo hiyo. Neno la Kiingereza rust lina shina moja na red, yaani "-ekundu". Warumi wa kale walikuwa na neno robigo, nalo lilikuwa na maana zote mbili, kutu ya chuma na kutu ya nafaka. Waliiogopa hii ya pili hata wakaifanyia sikukuu, Robigalia, kila tarehe 25 Aprili, wakichinja mbwa kuwa kafara ili ngano isalimike.

Hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 1869 kutu ya majani ilitambuliwa katika mashamba ya kahawa ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Wataalamu waliuita ukungu huo Hemileia vastatrix, na neno hilo la pili ni la Kilatini, lenye maana ya "mharibifu". Katika muda wa miaka 20 hivi kilimo cha kahawa katika kisiwa hicho kilianguka, na wenye mashamba wakageukia chai. Mwaka 1970 ugonjwa huo ulionekana Brazil.

Mbegu ya kutu huhitaji tone la maji juu ya jani ili ichipue, kisha huingia kwa matundu ambayo jani hupumulia. Jani huanguka kabla ya wakati wake, na mti uliopukutika majani hukosa nguvu ya kuzaa vema msimu unaofuata. Dawa za shaba, kama mrututu uliochanganywa na chokaa, hukinga wala haziponyi. Hapana budi ziwe juu ya jani kabla ya mbegu kuchipua. Kupogoa matawi husaidia, kwa kuwa hewa hupita na majani hukauka upesi. Aina za mibuni zinazostahimili ziko pia, kama Ruiru 11 iliyotolewa nchini Kenya mwaka 1985.

Makatibu waangalie mambo mawili. Kwanza, kutu hushambulia majani. Ugonjwa unaoozesha matunda mabichi ni chule buni, nao usiandikwe kwa jina la kutu. Pili, maji ya mrututu hukila chuma. Yakikorogwa katika ndoo ya bati, ndoo hutoboka na dawa hupungua nguvu. Yafaa pipa la mti au la plastiki, na bomba lioshwe kila baada ya kazi. Asiyefanya hivyo huikinga kutu moja akaleta nyingine.

Kutu ya moyo

Maana ya tatu ni ya mfano. Fundi aliyeacha kazi yake muda mrefu husemwa kwamba ujuzi wake umeshika kutu. Moyo nao husemwa hivyo. Sura ya 83 ya Kurani huitwa Al-Mutaffifin, yaani wapunjaji wa vipimo. Huanza kwa kuwaonya wale wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wenzao, na aya yake ya 14 yasema juu ya matendo yaliyofunika nyoyo za watenda maovu. Tafsiri ya Kiswahili hulitumia hapo neno kutu.

Kwa wanaushirika, vipimo na kutu hukutana pia ghalani, wala si kwa mfano. Jiwe la mizani lililoanza kushika kutu huongezeka uzito kidogo, kwa sababu limechukua oksijeni. Hapo anayepunjwa ni mkulima. Maganda yakianza kuanguka, jiwe hupungua. Sasa mkulima huandikiwa kilo ambazo hakuzileta, na mzigo ukipimwa kiwandani chama hukuta upungufu, ambao wanachama wote wataulipa. Ncha za mizani zikiliwa na kutu, mizani huwa nzito, haitikisiki kwa tofauti ndogo, na hakuna awezaye kujua nani amepunjwa. Mara nyingi hapo ndipo wanachama huanza kumshuku karani ambaye hakuiba kitu.

Namna ya kuandika

Kwa hiyo neno "kutu" lisiandikwe peke yake katika taarifa. Lifuatwe na jina la kitu, mahali, na kiasi. Kwa mfano:

"Kutu ya bati: paa la ghala, upande wa mashariki, mabati 6 yametoboka."

"Kutu ya majani: mibuni ya wanachama wa bondeni, madoa yameonekana kabla ya mvua."

"Kutu ya mizani: jiwe la kilo 20 limemenyuka, halitumiki mpaka lipimwe na mkaguzi wa vipimo."

Taarifa ya namna hiyo haizidi mstari mmoja au miwili. Lakini kamati itakayoisoma itajua mara moja kama itafute rangi, mrututu au mkaguzi, na mwanachama atakayeisikia mkutanoni atajua fedha zake zinakwenda wapi.