Wiki ya Nazi: Darasa la Kwanza Liko Jikoni Kwenu

Hebu jiulize, mwanao wa miaka 4 anafanya nini saa hizi? Kama wewe na mwenzio mko kazini, jibu huenda likawa moja kati ya mawili. Ama yuko chekechea, kwenye kiti cha plastiki, anarudia a, e, i, o, u mpaka koo linamkauka. Ama yuko nyumbani na dada, mbele ya televisheni, na hiyo ni katuni ya tano tangu asubuhi.

Usijisikie vibaya, ndivyo wengi tunavyoishi. Foleni inakula saa 2 asubuhi na saa 2 jioni, mkifika nyumbani mtoto anasinzia. Lakini wapo wanandoa walioamua kujaribu njia nyingine. Katika ile miaka ya kabla ya darasa la kwanza, kati ya 3 na 5, wanamfundisha mtoto wenyewe nyumbani. Wala hawatumii ubao na fimbo! Kila wiki wanachagua mada moja, halafu mikono ya mtoto ndiyo inayofanya kazi: anagusa, anamimina, anahesabu, anauliza.

Wazazi kibao waligundua jambo hili kwa lazima. Machi 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa sababu ya korona, na zile za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi 3 baba na mama walijikuta ni walimu. Kuna waliohesabu siku, na kuna walioshangaa kumbe mtoto anajifunza vizuri tu akiwa jikoni.

Kwani nyumbani kuna nini?

Kuna mengi kuliko unavyodhani. Tarehe 6 Januari 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa kimaskini wa San Lorenzo, Roma. Alichowapa watoto wale kilikuwa ni pamoja na kazi za kila siku: kumimina maji, kufagia, kufunga vifungo vya nguo. Leo kuna shule zenye jina lake duniani kote, na baadhi zina ada ya kutisha. Kumimina maji lakini hata kwako kunawezekana, bure.

Huku kwetu Pwani nako kuna mfano. Mwaka 1986 Mombasa ilianza shule ya awali ya kwanza ya mpango wa Madrasa, chini ya Aga Khan Foundation. Baadaye mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Walimu wake, wengi wao akina mama wa mitaa hiyohiyo, walijifunza kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyowazunguka, yaani vifuu, makopo, mbegu na vipande vya mbao. Hakuna aliyesubiri midoli kutoka ng'ambo.

Na mzazi ana nafasi gani? Mwaka 1962 huko Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, ulianza utafiti wa Perry uliohusu watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi. Kundi moja lilipata shule ya awali ya nusu siku, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto kwa dakika 90, akafanya kazi na mama na mtoto pamoja. Kundi la pili halikupata mpango huo. Walifuatiliwa mpaka walipofika umri wa miaka 40. Wale wa kundi la kwanza walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walikuwa na kipato kizuri zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

Tusidanganyane, utafiti ule haukusema mtoto asiende shule. Ila waliouandaa hawakuiacha nyumba nje ya somo. Na watoto wale hawakukaririshwa tu. Kila siku walipanga watakachofanya, wakakifanya, kisha wakaeleza walichokifanya. Panga, fanya, eleza. Shika maneno hayo matatu, yatakufaa sana.

Wiki nzima na nazi moja

Sasa tuingie jikoni. Tuchukue Wiki ya Nazi. Nunua nazi 2, moja ikiwa bado na makumbi yake. Kila siku inatosha nusu saa, maana mtoto wa umri huu akichoka amechoka.

*Jumatatu: kuifahamu.* Mpe nazi iliyofuliwa aishike, aitikise, ainuse. Ana macho mangapi huyu? Ahesabu: 1, 2, 3. Ndani kuna nini? Usimjibu. Mwache akisie, na wewe andika alichokisia hata kama amesema kuna samaki.

*Jumanne: kuivunja.* Kuvunja ni kazi ya mkubwa, yeye akinge maji kwa kikombe. Alikisia sawa? Ukikaa kwenye mbuzi kukuna, naye akae pembeni atazame. Meno ya mbuzi yanakata, hayo asiyaguse kabisa.

*Jumatano: tui.* Nawa naye mikono, kisha mwache akamue. Tui la kwanza ni zito, la pili jepesi. Kwa nini? Yametoka vikombe vingapi? Usione anachafua meza. Kukamua chicha kunaimarisha vidole vilevile vitakavyoshika penseli kesho. Mtoto anayelazimishwa kuandika kabla vidole havijakomaa anaishia kuchukia daftari.

*Alhamisi: vifuu.* Beseni la maji, kifuu kimoja, na maharage. Kifuu kinaelea, je, ukiweka maharage 5? Ukiweka 20? Kitazama lini? Hiyo ni sayansi na hesabu kwa mpigo. Mkimaliza, gonganisheni vifuu viwili, mpate muziki.

*Ijumaa: chelewa.* Chomoa njiti za ufagio mpya. Azipange kutoka fupi hadi ndefu, ahesabu, kisha mtengeneze herufi N. Njiti tatu tu, na N ya nazi hiyo hapo! Hajashika penseli, lakini ameshaanza kuandika.

*Jumamosi: matembezi.* Mpelekeni sokoni au mahali penye mnazi. Aone makuti, aguse shina. Mfundisheni majina ya tunda hilohilo linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Wengi wetu tuliokulia mjini tunayajua mawili tu, kwa hiyo na wewe utaondoka na kitu. Mpe hela alipe dafu mwenyewe na adai chenji.

*Jumapili: kueleza.* Kuleni wali wa nazi, kisha mpigieni bibi simu. Mtoto amsimulie wiki yake tangu Jumatatu. Akichanganya siku, usimkatize. Hapo anajifunza kupanga mawazo.

Siku moja ikiharibika kwa sababu umeme umekatika au umerudi nyumbani hoi, iache ipite. Hakuna mkaguzi atakayebisha hodi.

Huna nazi? Tumia kilichopo

Wewe wa Moshi una ndizi, wa Mwanza una sato na dagaa, wa Dodoma una karanga na zabibu. Wiki ya Kanga inafaa popote: pindo, mji na jina. Mtoto atafute maumbo yanayojirudia, kisha atafute herufi ya kwanza ya jina lake kwenye maandishi ya kanga ya mama. Wiki ya Maharage ni rahisi zaidi. Weka punje kwenye pamba iliyoloa, ndani ya glasi, na kila asubuhi achore anachokiona mpaka mzizi utoke. Wiki ya Daladala inahitaji boksi moja kubwa na viti vya sebuleni. Atakuwepo dereva, konda, abiria na nauli, na ugomvi wa chenji hautakosekana.

Tahadhari hazikwepeki. Usimwache peke yake na beseni la maji, hata kwa dakika ya kupokea simu. Maharage na karanga kwa mtoto mdogo ni vitu vya kutazamwa kwa macho mawili, maana vinaingia puani na kooni kirahisi. Na jiko la moto libaki la wakubwa.

Hapa ndipo ndoa inapopimwa

Tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi mpango huu ukiletwa, mama ndiye anayebeba kila kitu. Baba anasema, "Safi sana, mke wangu," halafu anarudi kwenye mpira. Baada ya wiki 3 mama amechoka, ana hasira, na mtoto amerudishwa kwenye katuni. Tatizo linakuwa limeanzia kwa baba na mama, mtoto hausiki.

Dawa yake ni kikao cha dakika 20 kila Jumapili usiku, mtoto akishalala. Mada ya wiki ni ipi? Nani ananunua vifaa? Nani ana zamu siku gani? Baba apewe siku zake, na kama siku hiyo atachelewa kazini, abadilishane mapema, asitume ujumbe saa 2 usiku. Na mama naye amwachie nafasi. Akifanya kwa mtindo wake, maji yakamwagika sakafuni, usimsimamie kama mwalimu mkuu. Sakafu itapigwa deki.

Je, mmoja wenu aache kazi? Swali hili limewagombanisha wengi. Kama mnataka mtoto asiende chekechea kabisa, lazima awepo mkubwa mwenye muda wa mchana. Kabla barua ya kuacha kazi haijaandikwa, chukueni karatasi. Upande mmoja wekeni ada, basi la shule na sare. Upande wa pili wekeni mshahara utakaokosekana, michango ya pensheni, na ugumu wa kurudi kazini baada ya miaka 3. Halafu ulizaneni jambo ambalo halina tarakimu: anayebaki nyumbani ataendelea kuwa na sauti kwenye hela za nyumba? Asiyeingiza mshahara akigeuzwa ombaomba wa hela ya nazi, mpango umekufa na ndoa inaugua.

Ila si lazima mfike huko. Mtoto anaweza kwenda chekechea asubuhi na nusu saa ya mada ikafanyika jioni na wikiendi. Kwa walioajiriwa wote wawili, njia hii ndiyo inayodumu.

Dada naye ni mwalimu

Mtu anayekaa na mwanao saa 10 kwa siku ni nani? Basi usimwache nje. Mwonyeshe mada ya wiki, mweleze kwa nini mtoto anaulizwa badala ya kujibiwa, na mpunguzie kazi nyingine ili apate hiyo nusu saa. Usimrundikie ualimu juu ya kufua na kupika kwa mshahara uleule.

Televisheni je? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto mwenye kifuu na beseni hata hadai katuni.

Kiswahili au Kiingereza?

Wazazi wengi wanaogopa: "Akizoea Kiswahili, shule ya mchepuo wa Kiingereza ataiweza?" Tangu 1953 UNESCO imekuwa ikishauri mtoto aanze kujifunza kwa lugha anayoielewa. Anayejua kwa Kiswahili kwa nini kifuu kinaelea, kesho anahitaji neno jipya tu, maana anayo tayari. Kwa hiyo ongea naye lugha ya nyumbani, iwe Kiswahili, Kihaya au Kichaga, na uongee naye sana.

Mwisho wake ni wapi?

Mtoto anahitaji watoto wenzake. Nyumbani hakuna wa kugombea naye kifuu, kwa hiyo aliteni watoto wa jirani Jumamosi, au ungeni familia 2 au 3 mpokezane zamu. Na umri wa shule ukifika, sheria ni sheria. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka mwaka 1 wa elimu ya awali na elimu ya lazima ya miaka 10, yaani 6 ya msingi na 4 ya sekondari ya chini. Mwandikisheni kwa wakati.

Siku hiyo mwalimu mpya atamuuliza anajua nini. Labda hatataja herufi zote 24 bila kukosea. Lakini atakuwa anajua kuuliza, kukisia, kujaribu na kueleza, na atakuwa anajua kwamba baba na mama wana muda naye.

Jumapili hii, mtoto akilala, zimeni televisheni, kaeni pamoja, chagueni mada. Nazi sokoni zipo. Kila la heri!