Pumzi ya Junior Wells

Mimi ni fundi mitambo wa redio, na sikio langu limezoea kutafuta kasoro. Nikiambiwa rekodi ya zamani "imesafishwa", kwanza natia shaka. Nyingi hufuliwa hadi rangi inatoka. Hoodoo Man Blues ya Junior Wells, mwimbaji na mpiga harmonika wa blues, imesalimika.

Albamu hiyo ilirekodiwa Chicago tarehe 22 na 23 Septemba 1965 kwa usimamizi wa Bob Koester, mwenye lebo ndogo ya Delmark. Zama hizo blues ya mji ule ilitoka zaidi kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, kwa ajili ya redio na baa. Koester alitaka bendi ipige kama inavyopiga klabuni usiku. Walikuwa wanne tu: Wells kwenye sauti na harmonika, Buddy Guy gitaa, Jack Myers besi, Billy Warren dramu. Jalada la kwanza lilimficha Guy kwa jina la "Friendly Chap", maana ilidhaniwa mkataba wake na kampuni ya Chess unamfunga.

Wells mwenyewe alikuwa na kisa chake, na alipenda kukisimulia. Utotoni aliona harmonika ya dola 2 kwenye duka la rehani. Akafanya kazi wiki nzima kwenye lori la soda, akaambulia dola moja na nusu. Mwenye duka akakataa kupunguza bei. Kijana akaacha hela zake kaunta, akabeba harmonika, akaenda zake. Kesi ilipofika mahakamani hakimu alimwambia apige, akapiga. Hakimu akatoa mfukoni senti 50 zilizopungua, kesi ikaisha.

Kifaa chenyewe ni kidogo: mashimo 10, na ndani ndimi nyembamba za shaba, nyingine zikilia unapopuliza, nyingine unapovuta pumzi. Wapigaji wa blues hupenda upande wa kuvuta. Huchukua harmonika ya C wakapigia wimbo wa G, kwa kuwa huko noti nzito za G hupatikana kwa kuvuta, na noti ya kuvuta inateremshwa kwa ulimi na koo mpaka inalia kama mtu. Sasa hebu fikiria: pumzi inaingia, mate yanagonga shaba, viganja vinafunguka na kufungika. Hayo yote ni sauti ndogondogo, na ndiyo ya kwanza kupotea kila nakala inapotolewa kwenye nakala nyingine. Wapenzi wa zilipendwa waliosikiliza bendi ya NUTA Jazz kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti wanaelewa ninachosema.

Wauzaji watakutajia namba. CD huchukua sampuli 44,100 kila sekunde kwa biti 16. Faili za hali ya juu hufika 96,000 au hata 192,000 kwa biti 24. Ni kweli, lakini sikio zuri la binadamu huishia karibu na hezi 20,000, na CD imeshapita hapo. Biti za ziada zinamsaidia zaidi fundi, apate nafasi ya kufanya kazi bila kuharibu sauti za chini. Kwa maoni yangu mambo mawili ndiyo yenye uzito: kurudi kwenye kanda mama, yaani ile ya kwanza ya studioni, na fundi kujizuia. Asipandishe kila kitu kiwe kikubwa sawasawa, asifute mvumo wote wa kanda, maana ukiufuta unaondoka na chumba chenyewe.

Jaribu wimbo uliobeba jina la albamu. Amplifaya ya Guy iliharibika studioni, na wakati inatengenezwa gitaa likaunganishwa kwenye spika ya Leslie, ile ya kinanda cha Hammond, ambayo ndani yake kuna pembe inayozunguka. Kwenye nakala duni gitaa linatetemeka tu. Kwenye nakala nzuri unasikia sauti ikikujia na kukukimbia, na Wells yuko mbele yake, karibu na maikrofoni, akivuta.

Ila usilipie faili kubwa halafu ukaisikilizia kwenye spika ya bluetooth, kwani kwa kawaida sauti hukandamizwa tena njiani. Tafuta spika za masikioni zenye waya, hata za bei ya kawaida. CD iliyotolewa vizuri kutoka kanda mama itaishinda faili ya bei mbaya iliyopikwa ovyo, na tofauti ya hela utanunulia albamu nyingine.